Mwanangu pia aliitwa mlegevu

Juzi usiku mama mmoja wa Igoma kaniandikia: "Dada, wangu ana miezi sita hajakaa, mama mkwe anasema ni mvivu." Usingizi ukanipaa.

Wangu alikuwa na miezi minne. Tupo kwenye benchi la kliniki, mama mmoja akamwinua, shingo ikalala, akasema watu wote wakisikia: "Huyu kalegea, unamnyonyesha kweli?" Miaka mitatu imepita na bado nikikumbuka kifua kinabana. Nililia kwenye daladala mpaka Kirumba. Kuanzia hapo nikawa namkalisha kwa nguvu ndani ya beseni, nimemzungushia khanga, alie asilie. Nilimwonea mwanangu.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenielewesha. Mtoto huzaliwa na karibu nyuzi zote za misuli atakazokuwa nazo. Kinachofuata ni kunenepa na kurefuka. Pembeni ya nyuzi hizo zipo seli za akiba zinazojiunga nazo na kuziongezea viini, yaani sehemu zinazoongoza kazi ya seli, ndipo protini zaidi inatengenezwa. Miosini, protini inayoufanya uzi ujikunje, nayo inabadilika: ile ya uchangani inaipisha ya ukubwani. Hata neva, yaani mishipa ya fahamu, mwanzoni kadhaa zinashika uzi mmoja, halafu zinajiondoa inabaki moja. Uzi ukikomaa hivyo unavuta kwa nguvu zaidi, hata kama unene ni uleule. Sasa hapo uvivu uko wapi?

Mlaze kifudifudi akiwa macho. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 30 kwa siku, kwa vipindi, kwa mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa. Sisi tulianza na dakika mbili juu ya mkeka, nami nimelala mbele yake tunatazamana, dagaa wangu wakinisubiri sokoni Mwaloni. Kulala usingizi ni chali. Lakini mchana, kifudifudi, tena na tena.

Alikaa mwenyewe na miezi minane. Watoto wengi wazima hukaa popote kati ya miezi minne na tisa, kwa hiyo acheni kuwapima watoto wa wenzenu kwa macho! Mtoto akilegea mwili mzima, akishindwa kunyonya, au akipoteza alichokwisha kukiweza, huyo mpelekeni hospitali leo, si kesho.

Wangu sasa anapanda yale mawe ya nyuma ya nyumba peke yake, nami nasimama chini nimekinga mikono. Mama wa Igoma, tandika mkeka asubuhi, kisha niandikie.