Uhazili wa nyumbani hapa Mwanza: usianze na mashine ya kopi

Nilisomea uhazili, yaani kazi za ukatibu wa ofisi, Tabora, nikafanya kazi ya katibu muhtasi ofisini kwa miaka kadhaa, na sasa natoa huduma hiyo nyumbani kwangu Kiseke. Wadogo zangu wa fani hii wakinitafuta kuomba ushauri, swali la kwanza huwa moja: mashine ya kutolea kopi inauzwaje? Nawajibu wote vilevile. Achana nayo.

Steshenari zimejaa mjini. Ukishuka Nyegezi ukaelekea Malimbe chuoni SAUT, au ukazunguka maeneo ya Bugando, utaziona zimepangana. Wanatoa kopi, wanaprinti, wanapiga laminesheni, na bei imeshuka kiasi kwamba anayeona faida ni mwenye foleni mlangoni. Wewe uliye mtaa wa ndani foleni hiyo huipati. Hakuna atakayepanda daladala akufuate nyumbani kwa kopi ya kitambulisho. Atakufuata kwa kazi ambayo kijana wa steshenari hana muda nayo: kukaa kikaoni na kuandika muhtasari, kunyoosha barua, kusoma mwandiko mgumu, kutunza mafaili.

Wateja wanaoendesha maisha yangu ni vikundi. VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), kamati za kanisa na msikiti, kamati za harusi, vikundi vya wavuvi na vya akina mama wa dagaa. Kila kikundi kina katibu, ila katibu naye ana biashara yake, na daftari la vikao linaandikwa haraka haraka au haliandikwi. Siku wanapotaka mkopo ndipo mambo yanapokwama. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Fedha hiyo haitoki kwa maneno matupu. Lazima kikundi kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba na kumbukumbu zinazoeleweka. Mtu anayeweza kukaa nao akaziweka sawa karatasi hizo hatakosa kazi.

Jifunze pia ratiba ya wateja wako. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi inapumzika na watu wanapata nafasi ya kukaa vikao. Kazi zangu za watu wa mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, hunijia kwa mafungu kipindi hicho, na siku hizo sichukui kazi nyingine ndefu.

Sasa niseme kuhusu muhtasari wenyewe, maana hapa ndipo elimu yetu inapoonekana. Mpangilio wote tunaujua: waliohudhuria, waliotoa udhuru, kufungua kikao, yatokanayo na kikao kilichopita, ajenda, mengineyo, kufunga. Kinachotofautisha ni maazimio. Wengi huandika hivi: "Wajumbe walijadili kwa kirefu suala la fedha za kikundi na kukubaliana lifuatiliwe." Lifuatiliwe na nani, lini? Mimi naandika: "Kikao kiliazimia mweka hazina alete taarifa ya benki ya miezi mitatu kwa mwenyekiti kabla ya tarehe 15." Kama kikaoni hawakutaja mtu wala tarehe, usibuni. Nyoosha mkono hapohapo: "Samahani mwenyekiti, azimio hili niliandike kwa jina la nani?" Mwanzoni watakushangaa, lakini baada ya vikao vichache mwenyekiti mwenyewe ataanza kuuliza swali hilo kabla yako. Na kila kiasi cha fedha kiandike kwa tarakimu na kwa maneno.

Vifaa havihitaji makuu. Laptop nzuri iliyotumika inatosha, na kwa umeme wetu ni bora kuliko kompyuta ya mezani, kwa sababu ukikatika unamalizia kazi kwa betri. Printa chukua ile ya tangi la wino. Printa ya leza ni nzuri ofisini, lakini inapopasha moto hula umeme mwingi kwa mkupuo, na betri ndogo ya akiba haiwezi kuibeba. Hiyo ya tangi ina sharti lake: usiilaze muda mrefu bila kuchapa, wino hukauka kwenye kichwa cha kuchapia. Hata kama huna kazi, toa ukurasa mmoja wa rangi kila wiki. Masika usiache rimu wazi, karatasi ikinywa unyevu inakwama.

Usajili usiuogope. TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa bure TRA, jina la biashara unalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. Leseni inategemea unakoishi: upande wa Nyamagana unahudumiwa na Halmashauri ya Jiji, upande huu wetu na Manispaa ya Ilemela, makao yake Buswelu. Ulizia kabla hujaanza kuzunguka na makaratasi.

Kuna mpaka ambao nawasihi msiuvuke. Mtu atakuja na kusema, "Dada, nitungie mkataba wa kuuza kiwanja." Kuchapa hati aliyoiandaa wakili ni kazi yako. Kuitunga wewe kwa malipo, na si wakili, ni kosa kisheria, na ikija kesi ya ardhi anayeumia zaidi ni huyo huyo mteja wako. Mwelekeze kwa wakili. Vivyo hivyo mwanafunzi anayetaka umwandikie utafiti wake. Mpangie kurasa, mtengenezee orodha ya yaliyomo, msahihishie tahajia, basi.

Halafu siri. Mezani kwangu hupita wosia, barua za talaka, majina ya wanaodaiwa na kikundi, namba za NIDA. Nyumbani watu huingia na kutoka, kwa hiyo nina kabati lenye kufuli, laptop ina nywila, na watoto hawaichezei. Karatasi iliyoharibika naichana vipande vidogo, haiendi kufungia karanga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haiwahusu wakubwa peke yao. Nanyi mjue, mtaa mmoja ukisikia jambo lililotoka kwako, kazi imekwisha.

Bei: kuchapa nahesabu kwa ukurasa, nusu ya malipo inatangulia. Muhtasari natoza kwa kikao, kwa sababu muhtasari mzuri ni mfupi, na ukitoza kwa ukurasa utajikuta unarefusha.

Kwa kuanzia, chagua kikundi kimoja unachokijua, hata cha mama yako mdogo. Omba daftari lao, chapa mihtasari ya mwaka mzima, iweke kwenye faili moja, na mwishoni uambatanishe orodha ya maazimio yote ambayo hayajatekelezwa. Orodha hiyo ndiyo iliyonipa wateja wa mwanzo. Mwenyekiti aliisoma kikaoni mstari kwa mstari, na baadhi ya wajumbe waliokuwa wakisikiliza walikuwa viongozi wa vikundi vingine.