Chumvi isiyo na pH ya 7

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, hapa Malindi. Tulipewa tukokotoe pH (kipimo cha uasidi, ambapo chini ya 7 ni asidi na juu yake ni besi) ya myeyusho wa asetati ya sodiamu wenye ukolezi wa moli 0.10 kwa lita, tukaambiwa kuwa Ka (kipimo cha nguvu ya asidi) ya asidi asetiki ni 1.8 × 10⁻⁵. Mimi nilipata 2.87, lakini litimasi nyekundu niliyoichovya maabarani iligeuka buluu. Tena nilidhani chumvi yoyote ni 7, kama hii ya Gongoni tunayoila. Nimekosea wapi?

JIBU: Hesabu uliyoipiga ni sahihi, ila si ya chumvi hiyo. 2.87 ni pH ya asidi asetiki yenyewe, ile iliyomo ndani ya siki, ikiwa na ukolezi huo huo wa 0.10. Umefanya vyema kutoipuuza litimasi, kwa maana ndiyo iliyosema kweli: litimasi nyekundu hugeuka buluu penye besi.

Kloridi ya sodiamu, ambayo ndiyo chumvi inayoanikwa juani kule Gongoni, imetokana na asidi kali na besi kali, na kwa hivyo ioni zake hazina haja na maji. Ikiwa safi, myeyusho wake hubaki 7 katika nyuzi 25 za selsiasi. Asetati ni mwana wa asidi dhaifu. Ikishaingia majini, baadhi yake huzipokonya molekuli za maji haidrojeni na kuacha nyuma ioni za OH⁻, na hizo ndizo zilizoigeuza litimasi yako. Asetati basi inafanya kazi ya besi, na besi huhesabiwa kwa Kb, kipimo cha nguvu ya besi. Gawanya 1.0 × 10⁻¹⁴, ambayo ni Kw ya maji (zao la Ka na Kb), kwa 1.8 × 10⁻⁵, upate 5.56 × 10⁻¹⁰.

Kila OH⁻ moja inapozaliwa, huzaliwa pia molekuli moja ya asidi asetiki, na kwa kuwa idadi hizo mbili ni sawa, tunazidisha Kb kwa 0.10 kisha tunatafuta kipeuo cha pili, tupate ukolezi wa OH⁻: 7.46 × 10⁻⁶. pOH, yaani logi hasi ya ukolezi huo, ni 5.13, ukiitoa katika 14, pH ni 8.87.

Huenda ukauliza kwa nini 0.10 haikupunguzwa. Ni kwa sababu asetati iliyobadilika haifiki hata moja katika kila elfu kumi. Usiichukulie njia hii ya mkato kuwa ni ya kila chumvi: kabonati ya sodiamu, iliyomo katika magadi ya kupikia, ikiwa na ukolezi huo huo hubadilika karibu sehemu moja kati ya ishirini na mbili, na hapo ni salama zaidi kutatua mlinganyo wa kipeo cha pili kikamilifu.

Kabla ya kushika kikokotoo, andika kwanza ni ioni gani inayogusana na maji, na inatoa haidrojeni au inaipokea. Jaribu sasa kloridi ya amoniamu ya 0.10, ukitumia Kb ya amonia ya 1.8 × 10⁻⁵. Hapo ioni ya amoniamu ndiyo inayotoa haidrojeni, na jibu lako linapaswa kuwa 5.13.