Kabla hujatundika daluga, jifunze kusoma hesabu

Wachezaji wakiniuliza namna ya kuingia kwenye uongozi wa raga, hutarajia nianze na habari za shahada. Mimi huanza na mabano.

Kwenye kikao changu cha kwanza cha kamati ya klabu, mweka hazina aligawa karatasi ya mapato na matumizi. Chini kabisa palikuwa na tarakimu ndani ya mabano. Nikadhani ni maelezo ya ziada. Nikaitikia kwa kichwa kama wenzangu, nikanyoosha mkono kupitisha ununuzi wa vifaa vipya. Nje ya mlango ndipo mzee mmoja aliponinong'oneza kwamba mabano yale ni nakisi: tumepitisha kutumia fedha ambazo hatuna. Nimewahi kuangushwa kifudifudi mbele ya uwanja mzima, lakini aibu ile ilinikaa zaidi.

Kwa hiyo usisubiri goti likustaafishe. Ungali unacheza, omba uwe mwakilishi wa wachezaji, kisha jitolee kuandika muhtasari wa vikao. Kazi hiyo wengi huikimbia, ila mwandishi ndiye anayejua nani aliahidi nini. Ken Arthurson alikuwa mchezaji na kocha wa Manly, klabu ya Sydney, akawa katibu wake kwa miaka mingi kabla ya kuongoza ligi huko Australia. Na anayekwambia mambo ya ofisi hayamhusu mchezaji, mkumbushe mji wa Huddersfield, 1895: raga yetu ya watu 13 kwa timu (rugby league) ilizaliwa kwenye ugomvi wa kikaoni, klabu za kaskazini mwa Uingereza zikidai wachezaji wafidiwe mishahara waliyoikosa kwa ajili ya mechi.

Kasi ndogo ya ofisini nayo itakuchosha. Uwanjani ukikosea dakika ya 10, unaweza kujisahihisha dakika ya 12. Mkataba mbovu wa mdhamini utaishi nao mpaka uishe.

Lililoniuma kuliko yote ni marafiki. Niliyecheza naye mstari wa mbele alishtakiwa kwa kumkaba mtu kichwani, na mimi nilikuwa kamati ya nidhamu. Usiku akapiga simu: "Kaka, si unanijua mimi?" Asubuhi nikamweleza mwenyekiti kuhusu simu ile na urafiki wetu, nikatoka chumbani shauri lisikilizwe bila mimi. Wewe fanya mapema zaidi: tangaza kwa maandishi nani ni ndugu na rafiki zako siku unayochaguliwa, kabla jina la yeyote halijafika mezani. Yeye alifungiwa mechi tatu. Mimi nilikosa salamu zake msimu mzima.