Je, Misri iliwahi kutwaa Wimbledon?

SWALI: Mhariri, mzee mmoja mtaani kwetu anashikilia kwamba Misri iliwahi kutoa bingwa wa Wimbledon, yale mashindano ya tenisi ya Uingereza, kwa wanaume, mchezaji mmoja mmoja. Je, ni kweli? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ni kweli, ingawa kwa uraia tu. Jaroslav Drobný, mzaliwa wa Prague, aliihama Czechoslovakia mwaka 1949, akapewa uraia wa Misri, na kwa jina la nchi hiyo akamshinda Ken Rosewall, kijana wa Australia mwenye umri wa miaka 19, katika fainali ya mwaka 1954 kwa seti za 13–11, 4–6, 6–2 na 9–7. Hiyo 13–11 isikushangaze: siku hizo hapakuwa na utaratibu wa kuikatisha seti, hivyo wachezaji waliendelea hadi mmoja aongoze kwa gemu mbili. Drobný, aliyetumia mkono wa kushoto, alicheza akiwa amevaa miwani, kwani jicho lake liliumia katika hoki ya barafuni, mchezo uliompatia medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1948. Alikwisha kushindwa katika fainali mbili, 1949 na 1952. Rosewall naye, maskini, alifika fainali nyingine tatu pasipo kulitwaa kombe hilo.