Uliza Bi Msafiri: Tokyo kwa miguu, mwongozaji wa nini wakati simu ipo?

Shikamoo Bi Msafiri. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ujiji, nimechaguliwa kwenda kozi fupi Japani, na kozi ikiisha mimi na mwalimu mwenzangu wa Kasulu tutakuwa na siku tatu za kuzurura Tokyo kabla ya ndege. Mwenzangu anataka tukodi mtu wa kututembeza kwa miguu, sisi wawili tu. Mimi nimeangalia bei nikashtuka, siku nzima yen 40,000, nikapiga hesabu ni kama laki sita ya kwetu, aisee si bora nikanunue bati. Sa si simu ipo, ramani ipo, tutapotea vipi? Alafu mimi ni Muislamu, sijui hata huko nitakula nini. Kizungu changu cha shule, Kijapani sifuri. Nishauri mama. (Mwl. Z., Ujiji)

Marahaba mwalimu, hongera sana. Kabla hatujafika kwenye laki sita nikuulize, hizo siku tatu umezipata wapi? Maana sisi Watanzania Japani tunaingia kwa viza, na kozi nyingi tiketi ya kurudi anapanga aliyekualika, sa usije ukalipia matembezi alafu ukaambiwa ndege yako ni kesho yake asubuhi. Waulize wanaokualika, wakujibu kwa maandishi. Hilo likikaa sawa ndo tuendelee.

Haya bei. Hiyo yen 40,000 kwa mwongozaji wa binafsi mara nyingi ni ya kundi zima sio ya kichwa, kwahiyo mkiwa wawili mnagawana, na mkiwashawishi wengine wawili kwenye kozi inakuwa laki na nusu hivi kila mtu. Ila uliza wanapokea mwisho watu wangapi. Na nani kakwambia lazima siku nzima? Wengi wanauza masaa matatu au manne, na kwa mtu mwenye siku tatu mimi naona hayo yanatosha kabisa, tena yawe siku ya kwanza asubuhi, siku mbili zilizobaki mnajitegemea.

Kuhusu simu upo sahihi. Ramani ya simu kule inakwambia hadi panda behewa la ngapi na tokea mlango namba ngapi, na mlango una maana, stesheni ya Shinjuku peke yake inapita watu zaidi ya milioni 3 kwa siku na milango ya kutokea inazidi 200, ukikosea mmoja unaibukia mtaa mwingine kabisa. Lakini humo ndani ukiifuata simu taratibu unatoka, ni kero tu. Ndo maana nasema kama unamkodi mtu ili akuonyeshe njia basi hela yako kanunue bati. Mwongozaji unamlipa akwambie unachokiangalia ni nini.

Wewe si unakaa Ujiji, wageni unawaona. Yule anayekuja na simu yake pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone anaona mnara, anaona miembe, anapiga picha dakika tano huyoo anarudi Mwanga, Kigoma mjini. Aliyekaa na mtu wa pale akasimuliwa habari za 1871, Stanley alivyomkuta mzee wa watu anaumwa, njia ya misafara ilivyotoka Bagamoyo ikapita Tabora ikaja kuishia hapo ziwani, huyo anaondoka jioni na bado ana maswali. Nimefanya hiyo kazi ya kutembeza wageni miaka mingi, najua tofauti.

Sasa chukua Asakusa, ambako karibu kila mgeni wa Tokyo anapelekwa. Mkienda wenyewe mtaona geti jekundu lenye taa kubwa nyekundu inaning'inia katikati, watu wamejazana wanapiga selfi, mnapita mtaa wa maduka unaitwa Nakamise, kama mita 250, unauza biskuti za mchele na feni za mkono, mbele kuna hekalu la Senso-ji. Zuri, mmeona, mmemaliza. Mwongozaji anayejua kazi atawasimamisha pale pale chini ya taa, atawaambia inueni macho muone kitako chake kimechongwa joka, alafu atawaonyesha kibao kina jina Matsushita. Huyo Matsushita Konosuke ndo mwenye zile redio za National ambazo wazee wetu walikuwa wanaziweka sebuleni na kitambaa juu, siku hizi mnaijua kama Panasonic. Geti liliungua 1865, likakaa karibu karne nzima halijajengwa, hadi yeye alipotoa hela likasimama tena 1960. Hekalu lenyewe liliteketea kwa mabomu ya Wamarekani Machi 1945, lililopo ni la 1958, zege tupu. Yani mnasimama mnashangaa jengo la kale kumbe baba yako anaweza kuwa amelizidi umri.

Na hapo ndo utamu unaanza, maana ukale wa pale hauko kwenye jengo uko kwenye hadithi. Wanasimulia kwamba mwaka 628 wavuvi wawili, ndugu wa tumbo moja, walikuwa wanavua mto Sumida wakavuta nyavu, badala ya samaki ikatoka sanamu ndogo ya Kannon, ambaye kwa Wabudha ni wa huruma. Wakamuonyesha mkubwa wa kijiji, yeye akageuza nyumba yake kuwa mahali pa kuitunza. Hao watatu, wavuvi wawili na mzee wa kijiji, mpaka leo wana sherehe yao kila mwezi Mei, wanaiita Sanja Matsuri, mitaa inafungwa vijana wanabeba vihekalu mabegani wanapiga kelele kutwa. Jiji kubwa kuliko yote duniani, au niseme mojawapo nisigombane na watu, limeanza mtaa wake maarufu kwa nyavu ya wavuvi wawili. Mtu wa Kibirizi, kwetu Kigoma kwenye mwalo wa wavuvi, akisimuliwa hivyo anaelewa bila kuchorewa, ila kwenye simu hilo unalipita tu unatafuta choo kiko wapi. Vyoo kule vingi, bure na visafi, usihangaike.

Wewe kama Muislamu usiogope kuingia uwanja wa hekalu, unatazama tu kama unavyotazama makumbusho, mwambie mwongozaji mapema kuwa ibada hutashiriki, ni watu wastaarabu hawalazimishi.

Kutoka hapo mwambie awapeleke Yanaka, sio mbali. Wengi hawapajui na mimi ndo napapendekeza kuliko minara yote. Tetemeko la 1923 liliacha Tokyo majivu, mabomu ya 1945 yakaja yakamalizia, lakini Yanaka sehemu kubwa ilinusurika, kwahiyo vichochoro, nyumba za mbao, mahekalu madogo madogo na makaburi ya zamani vipo. Sasa ukienda peke yako ni mtaa tu wa watu umetulia, paka wamelala, utajiuliza nimefuata nini. Hapo ndo mwongozaji anakula hela yake kihalali.

Msimpoteze kwenye vitu vinavyojieleza. Kivuko cha Shibuya hakihitaji maelezo, ni watu wanavuka barabara, na sanamu ya Hachiko, yule mbwa aliyeendelea kumsubiri bwana wake aliyekufa, ipo hapo hapo nje ya stesheni. Mnara wa Skytree una mita 634, unauona hata ukiwa umelala. Kama mnataka kuliona jiji kutoka juu bila kutoboka mfuko, jengo la serikali ya jiji pale Shinjuku ghorofa ya 45 kuna sehemu ya kutazamia, bure. Na treni ya Yamanote inazunguka jiji, stesheni 30, duara zima kama saa moja, mkichoka miguu kaeni humo mtazame nje. Ila kwenye treni simu hampigi, wala kuongea kwa sauti kama mko daladala ya Mwanga.

Chakula. Samaki kula, mchele kula, shida ni vilivyojificha. Supu nyingi za rameni, zile tambi zao, ni mifupa ya nguruwe, na hata samaki wanaweza kumpika na mirin ambayo ina kilevi. Ndo sababu nyingine ya mwongozaji: muandikie kabla, sio asubuhi ya siku yenyewe, atafute sehemu ya halali, Asakusa zipo, alafu mwombe akuandikie karatasi ya Kijapani inayosema hula nguruwe wala pombe, utaitumia siku zote tatu akiwa hayupo. Na Ijumaa ikikukuta huko nenda Tokyo Camii, stesheni ya Yoyogi-Uehara, unatembea kidogo tu. Msikiti wa kwanza pale ulijengwa 1938, uliopo sasa ulifunguliwa 2000 kwa ujenzi wa Kituruki, mzuri mpaka unasahau kilichokupeleka.

Siku yenu moja ya kujitegemea anzieni soko la Tsukiji. Mnada wa samaki ulihamia Toyosu Oktoba 2018 kwahiyo msiamke alfajiri kuufuata pale, lakini maduka ya nje yamebaki, na humo tafuteni niboshi. Ni visamaki vidogo vikavu vya kuchemshia supu, ukivinusa utadhani umeshuka Kibirizi. Usiseme kwa sauti kuwa dagaa wetu watamu zaidi. Ni kweli, lakini usiseme.

Bi Msafiri mambo, me ni kijana wa Mwanga, nimesikia Japani kuna watembezaji wa bure kabisa, hawachukui hata mia. Hii ni kweli au ndo zile za kupigwa? (J.)

Poa mdogo wangu, ingawa shikamoo haina kodi. Ni kweli wapo. Kuna utaratibu wa watu wa kujitolea, wanaitwa Goodwill Guides, wengi ni wastaafu, kina mama wa nyumbani na wanafunzi wanaopenda kuzungumza lugha za kigeni. Kazi yao hawalipwi, ila wewe unawalipia nauli wakiwa na wewe, viingilio, na chakula cha mchana mkila pamoja, kwahiyo sio sifuri kabisa. Unaomba mapema, wiki kadhaa kabla, na unaweza kukosa. Mtu wa kujitolea anaweza kuwa moto kuliko wa kulipwa, au akawa anajua mtaa wake mmoja tu, hapo ni bahati. Kiingereza ndo wanacho, Kiswahili usitegemee, japo Chuo Kikuu cha Osaka wanakifundisha.

Kwa wa kulipwa jua hivi: zamani sheria ilikuwa asiye na leseni ya serikali haruhusiwi kuongoza wageni kwa malipo. Tangu Januari 2018 wamelegeza, yeyote anaweza, ila aliyefaulu mtihani wa taifa ndo anaruhusiwa kujiita kwa lile jina la leseni. Asiye na leseni sio tapeli, wapo wazuri sana, ila wa leseni muombe akuonyeshe, hakasiriki.

Mama, nakusalimu. Mimi ni mzee nimestaafu, niko Katubuka, miaka ya ujana nilifanya kazi na Wajapani kule Mahale kwenye sokwe. Binti yangu anakwenda Tokyo kwa shughuli za kazi na siku ya mapumziko amepanga kutembezwa na mwongozaji wa binafsi, mwanaume, wawili peke yao kutwa nzima. Wajapani nawafahamu ni watu wa utaratibu, lakini mimi ni baba. Waonaje?

Shikamoo mzee wangu. Kumbe tuna mtu wa Mahale, watafiti wa sokwe kina Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto waliingia kule 1965 bila kujua njia hata moja, nyinyi ndo mlikuwa mnawapitisha milimani, sa leo wao wampitishe binti yako ni haki kabisa.

Tokyo kwa usalama ni jiji la kutuliza roho, lakini hofu yako siidharau. Kwanza waongozaji wanawake ni wengi sana, akitaka anaomba mwanamke bila kueleza sababu. Kama keshalipa huyo mwanaume, wakutane stesheni au mapokezi ya hoteli, ratiba iwe ya maandishi na yote iwe sehemu za watu, masoko, mahekalu, bustani. Akuachie jina kamili la mwongozaji na ratiba. Akipata wasiwasi kila mtaa mkubwa una kibanda cha polisi, wanakiita koban, anaingia tu hata kuuliza njia.

Mimi ninachokiogopa zaidi sio mwongozaji, ni usiku akiwa peke yake pale Kabukicho, Shinjuku. Kuna wapiga debe wanaokuita kwenye baa kwa bei ya kitonga, ukiingia bili inakuja ya kuuzia ng'ombe. Mwambie akiitwa asijibu, apite. Na treni za mwisho ni kama saa sita usiku, baada ya hapo ni teksi, na teksi za kule zina bei.

Tip tunampa mwongozaji shingapi? Na viatu gani? (Mama K., Buzebazeba)

Tip kule hawana mazoea nayo, ukimlazimisha unamtia aibu. Kama roho inakusuta mpelekee zawadi ndogo ya nyumbani, kahawa ya Kigoma iliyosagwa na kufungwa vizuri inapendeza. Mawese usithubutu, yatamwagika kwenye begi. Viatu vilivyokwishazoea mguu, sio vipya, na viwe vya kuvua haraka maana kuna sehemu unaingia na soksi. Kwahiyo angalia na soksi zisiwe na matundu. Na beba kimfuko cha takataka zako, mapipa ya taka mtaani utayatafuta mpaka uchoke.