Bundi juu ya bati: kabla hujamtaja mtu, nisikilize

Ijumaa iliyopita, saa nne usiku, nimemaliza hesabu za duka, ukaingia ujumbe wa dada mmoja anayeishi Kigogo. Nimemwomba ruhusa niueleze hapa. Anasema bundi analia juu ya bati lao usiku wa tatu mfululizo. Jumatatu anatakiwa kulipa kodi ya miezi sita ya fremu ya duka Kariakoo, na hiyo ni pesa ya kikoba pamoja na akiba yake ya miaka miwili. Anauliza asaini mkataba au aache. Halafu mwisho kabisa, kama jambo lililomponyoka, ameandika: "Na huyu ndege kaanza tangu mama mkwe afike kutoka kijijini."

Swali la fremu ningelijibu kwa dakika mbili. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa sababu niliwahi kuitamka mimi, kwa kinywa changu, na aliyeisikia hayupo tena duniani.

Desemba 2011. Waliokuwa Dar wanaikumbuka mvua ile. Bonde la Msimbazi lilifurika, watu wakapanda juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa. Nyumba ya baba iko Buguruni, imeinuka kidogo, maji hayakutufikia. Baba alikuwa kitandani tangu Oktoba. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia na maneno karibu yote. Dada yake mkubwa, shangazi yetu, alitoka Rufiji kuja kumuuguza. Alifika na mkeka wake, chupa ya mafuta ya nazi na msahafu aliouvalisha kitambaa cha khanga. Yeye ndiye aliyemgeuza baba usiku asipate vidonda, akamwogesha, akamlisha uji kijiko kwa kijiko. Akishamlaza anakaa pembeni, anasoma Yasini kwa sauti ya chini mpaka karibu na alfajiri. Mimi nilikuwa na miaka 23, natembeza khanga Ilala na Karume, narudi nimechoka, najilalia.

Wiki ile ya mafuriko, bundi akaja. Bundi yule mweupe, uso kama moyo, halii ile hu-hu ya kwenye hadithi. Sauti yake ni mkwaruzo mrefu, kama mtu anachana kitambaa kipya gizani. Sisi wa pwani tunajua hilo ni nini. Hata neno lenyewe ndege kwetu lina maana mbili, mwenye mbawa na dalili. Mtu akifanikiwa safari tunasema ametoka na ndege njema, akiharibikiwa, ndege mbaya. Bundi hapewi nafasi kwenye njema. Mlio wake ni uchuro, na penye mgonjwa ndani hakuna anayeuliza uchuro ni wa nani.

Siku ya tatu tukakuta kitu mlangoni. Bonge jeusi, refu kama kidole gumba, linang'aa kama limepakwa mafuta. Mama akalivunja kwa kijiti, ndani manyoya na vifupa vidogo, hata kifuvu chenye meno. Kesho yake mawili mengine, pale pale chini ya ukingo wa bati. Jirani akaja, akatazama, akashika kichwa, akasema hii kazi imetegwa. Nikatoa 70,000 kwenye mtaji wangu wa khanga, tukaenda kwa mganga. Hakutaja jina. Alisema tu ni ndugu wa damu, mwanamke, hana siku nyingi ndani ya nyumba. Nani mwingine?

Jioni hiyo, uani, mbele ya mama, kaka zangu na yule jirani, nilimwambia: "Shangazi, huyu ndege kaanza tangu uje wewe." Alikuwa anafua shuka za baba. Hakujibu. Alizisuuza, akazianika, akaingia ndani. Alfajiri tulikuta ameondoka na mkeka wake kichwani. Kutoka Buguruni mpaka Mbagala Rangi Tatu kupanda basi la Rufiji, mwanamke wa miaka 60 na ushee, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsindikiza. Kitambaa cha msahafu alikisahau juu ya dirisha la baba.

Baba alifariki siku ya 17 baada ya hapo. Katika maneno machache yaliyombakia, lililomtoka mara nyingi lilikuwa "dada". Tulijifanya hatuelewi anamtaka nani.

Na bundi? Bundi aliendelea kulia mpaka Machi. Aliyedaiwa kumleta ameshafukuzwa, mgonjwa ameshazikwa, ndege bado yuko juu ya bati letu, na katika nyumba yenye watu wazima sita hakuna aliyeuliza kwa nini. Mtu akishapata wa kumlaumu haulizi tena.

Shangazi alikuja mazikoni, akakaa chini ya mwembe pamoja na watu wa mbali, hakuna aliyemwita ndani. Miaka ikapita. Nikapata meza, kisha nusu fremu, kisha fremu yangu mwenyewe ya vitenge. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitakwenda Rufiji nimwone. Mwaka 2017 nilikwenda kweli, kumzika.

Januari 2019 bundi alionekana ndani ya ukumbi wa Bunge kule Dodoma, nchi nzima ikawa haina habari nyingine. Spika wa wakati huo, Job Ndugai, aliwatuliza wabunge kwamba kwa mila za Dodoma bundi anayeonekana mchana hana madhara. Dukani kwangu mjadala ukawaka. Mimi nikasimulia yale mabonge ya Buguruni, nikajua nitawanyamazisha. Mteja mmoja, kijana aliyesomea mambo ya wanyamapori, akaniambia taratibu: "Dada, yale ni matapishi yake. Bundi humeza panya mzima mzima. Nyama inasagika tumboni, manyoya na mifupa anavirudisha kwa mdomo, vikiwa bonge moja." Nilimwomba arudie. Akarudia. Niliacha kitenge mezani hakijakunjwa, nikaenda kusimama nyuma ya duka.

Mengine nimeyaunganisha mwenyewe. Bonde limejaa maji, panya wamekimbilia nyumba za juu, bundi amefuata chakula. Na usiku wa kuuguza nani analala? Taa inawaka, masikio yamesimama, mnasikia kila kitu ambacho usiku mwingine kingepita juu ya usingizi wenu. Huenda bundi walikuwa Buguruni kabla sisi hatujajenga.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi ndege hana maana. Wapo watakaosema hizo ni imani za kizamani, tufuate sayansi, basi. Mimi siko huko. Tipitipi akilia asubuhi, ile sauti yake kama maji yanamiminwa kutoka kwenye chupa, namkumbuka baba aliyekuwa akisema anaita mvua, na papo hapo namwombea dua. Huyo ndege ananifanyia kazi. Ninachokataa ni kumchukua ndege, kumfunga shingoni mwa mtu mwingine na kusema huyu ndiye.

Hata bahati hatuiachi ijieleze. Mwaka 2014 njiwa mweupe alitua juu ya mzigo wangu siku niliyokuwa nakubaliana biashara na mwenzangu mmoja. Nikasema Mungu ameshajibu, nikatoa 1,800,000 bila hata karatasi. Mwenzangu hakuonekana tena. Njiwa hakunidanganya, alikuwa anatafuta pa kutua. Karatasi ningeiandika mimi.

Baada ya yule kijana, nilirudi kwenye Yasini, sura ileile aliyoisoma shangazi usiku baada ya usiku nyuma ya ukuta wa chumba changu. Niliijua kwa sauti tangu madrasa, sikuwa nimewahi kutulia na maana yake. Aya ya 18 na 19, watu wa mji wanawaambia mitume waliotumwa kwao kwamba wanaona mkosi kwao, wakiendelea watawapiga mawe. Mitume wanawajibu kwamba mkosi wao wanao wenyewe. Neno lililotumika pale la mkosi, kwa Kiarabu, ni lile lile la ndege. Ndege wenu mnaye wenyewe! Shangazi yangu aliisoma aya hiyo huku bundi analia juu ya kichwa chake, katika nyumba ambayo watu walikuwa wanamtazama kwa jicho la pembeni. Sijui aliimezaje.

Mtume, rehema na amani zimfikie, amesema hakuna mkosi wa ndege. Iko wazi kwenye hadithi sahihi. Na Nabii Suleiman alipoletewa habari na ndege Hudhud hakuinuka na jeshi lake, alisema kwanza tutatazama kama umesema kweli. Mfalme aliyefundishwa lugha ya ndege bado alichunguza! Wewe na mimi tusioijua hata silabi moja tunatoa hukumu kabla chai haijapoa. Ndugu zangu Wakristo nanyi mmeambiwa muwatazame ndege wa angani, hawapandi wala hawavuni, na Baba yenu wa mbinguni huwalisha. Mmeambiwa muwatazame mpunguze wasiwasi. Tunawatazama tukauongeze.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Kigogo, na wengine mnaoniandikia kuhusu kunguru aliyegonga dirisha au mjusi aliyeanguka kitandani. Ndege akikushtua, jiulize wewe. Nina deni? Nina mtu sijamwomba radhi? Nimesali? Jibu likikupeleka kwa mtu mwingine, umeshapotea njia, rudi. Pili, mwite fundi apande aangalie dari. Panya wakiwemo, ondoa panya, bundi atajihamisha mwenyewe, na kama hataki kuhama mwache akufanyie kazi bure. Tatu, pesa ya mganga iongeze kwenye mtaji. Nimekwisha kusema, jiulize wewe kwanza, na narudia kwa sababu mimi sikujiuliza.

Fremu usiiamulie kwa bundi. Nenda mchana, hesabu wateja wanaopita pale kwa saa mbili, muulize jirani wa fremu kwa nini aliyekuwepo ameondoka, soma mkataba mpaka mstari wa mwisho. Pakikuridhisha, saini.

Lililobaki ni dogo, ila lifanye leo kabla ya hilo la Jumatatu. Mama mkwe wako yuko nyumba ngeni, mji mgeni, na masikio anayo. Mpelekee chai, kaa naye kitandani, umuulize kama na yeye anamsikia huyo bundi, na kama anaogopa.