Mishale miwili ya WhatsApp haithibitishi uongo

SWALI: Ninasimamia kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Nakuru, na siasa zinatugawanya. Wengine wanashikilia kwamba ujumbe wenye mishale miwili umethibitishwa kuwa uongo, na usio nayo ni salama. Fundi fulani anatuuzia programu ya kuchuja uongo. Tununue?

JIBU: Msinunue, dada. Programu hiyo haipo.

Swali la mishale naletewa kila siasa zinapopamba moto. Mishale miwili inaonyesha tu kwamba ujumbe umesambazwa kwa mfululizo mara tano au zaidi tangu ulipoandikwa. Mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa usimbaji tangu 2016, hata kampuni yenyewe haiyasomi. Itathibitishaje uongo isiouona? Tangazo la kweli la kipindupindu linaweza kufika na mishale, na uchochezi ulioandikwa leo asubuhi ukafika bila hata mmoja. Tena mchochezi mzoefu hunakili maneno na kuyabandika upya, au hupiga skrinshoti, na hesabu inaanza sifuri. Kwa hiyo huo mnaouita salama ndio ninaouhofia zaidi.

Mishale iliwekwa kupunguza kasi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hutumwa kwa mtu au kundi moja kwa wakati, na kampuni ilisema usambazaji wake ulishuka kwa asilimia 70. Hilo linasaidia, kwa sababu hasira hutangulia uhakiki.

Uhakiki wenyewe ni kazi ya watu. Mwaka 2022 IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, iliweka kwenye tovuti yake fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000, na aliyetumiwa picha ya fomu aliweza kutafuta kituo hicho na kulinganisha tarakimu. Fanyeni vivyo hivyo: anayeleta dai aseme limetoka wapi. Akishindwa, wewe kama msimamizi una uwezo wa kulifuta kwa wote.

Hao wauza vichujio wananikera kweli. Wengine huwawekea watu WhatsApp iliyochakachuliwa, si ile rasmi, inayosifiwa kwa kuondoa mipaka ya kusambaza, au huunganisha akaunti yako na kompyuta yao na kusoma kila kitu. Uchaguzi wa 2027 ukikaribia watazidi. Ikiwa fundi huyo amewahi kushika simu yako, fungua leo orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uondoe usichokitambua, na uwaambie wanakundi wote aliowahudumia wafanye hivyo hivyo.